Waliniambia nimepona, hawakuniambia yanayobaki

Saratani ya mlango wa kizazi ilinikuta na miaka 43. Mionzi ya nje mara 25, Jumatatu hadi Ijumaa, na kila wiki dripu ya kemo, yaani dawa za kuua saratani, kisha mionzi ya ndani, ile inayopitishwa ukeni. Kabla ya kuingia kwenye mashine unakunywa maji ubane mkojo, maana kibofu kikijaa kinausukuma utumbo pembeni usiungue. Zamu ikichelewa, watu wazima tunakunja miguu kwenye benchi, tunatazamana, tunacheka kwa shida. Beba kanga ya pili na chupi ya akiba, usione haya. Kuharisha nako kupo. Mimi maharage na maziwa niliyaweka kando, nikala wali na ndizi.

Siku ya kuruhusiwa nikaambiwa hongera, rudi baada ya miezi mitatu. Basi. Kumbe mionzi ya nyonga huzima ovari, vile vifuko vya mayai, hedhi inakata kabla ya wakati wake. Joto lilipokuwa linanipanda usiku nilimeza dawa za malaria bure. Kumbe pia uke hukauka, kuta zake zinaweza kushikana na njia ikafinyaa. Hilo nililijua siku baba watoto aliponisogelea. Nililia kwa maumivu, naye akachukua mto wake akahamia sebuleni. Tukaishi hivyo miezi, kila mmoja akidhani anamhurumia mwenzake.

Nesi mmoja mtu mzima ndiye aliyenivuta pembeni: "Mama, na nyumbani mnaishije?" Nikamwaga yote. Akanieleza habari za vipanuzi: vifaa laini mfano wa kidole, vya saizi tofauti, vya kuingiza ukeni ili njia isifinyae. Daktari akisharidhia, unalala umekunja magoti, unaanza na kile kidogo ukiwa umekipaka jeli, dakika chache, mara kadhaa kwa wiki. Jeli iwe ya maji, isiyo na manukato. Mafuta ya mgando yabaki ya kupaka miguuni. Matone ya damu mwanzoni si ajabu, lakini ikitoka nyingi, rudi hospitali. Wewe usingoje kuvutwa pembeni kama mimi. Uliza, hata kama daktari ni kijana wa umri wa mwanao.

Na mume nenda naye. Wangu alikaa kimya kliniki nzima, tukiwa tunanyanyuka ndipo akauliza kwa sauti ya chini kama mionzi iliyomo mwilini mwangu itamdhuru. Nesi akamwambia haimo tena, na saratani haiambukizwi kitandani.

Usiku ule mto ulirudi chumbani. Yaliyobaki tuliyaendea taratibu, ilichukua karibu mwaka.