Kunusurika si Kusalimika: Kwa Wanaoanza Kusoma Fasihi ya Dhiki

Mwaka wangu wa pili wa kusoma fasihi niliandika insha juu ya riwaya fupi ya Aleksandr Solzhenitsyn, ile inayosimulia siku moja ya mfungwa Ivan Denisovich Shukhov katika kambi ya kazi ngumu ya Kisovieti. Riwaya hiyo ilitoka mwaka 1962 katika jarida la Novy Mir. Nilimalizia insha kwa nukuu kutoka ukurasa wa mwisho, pale Shukhov anapojilaza usiku akihesabu bahati zake: hakutupwa selo, amepata bakuli la ziada la uji, amejenga ukuta na kazi ikamnogea, amepita kwenye upekuzi na kipande cha msumeno bila kukamatwa, na maumivu ya asubuhi yamemwachia. Siku karibu ya furaha. Chini yake nikaandika, kwa kujiamini kabisa, kwamba hapo mwandishi anatangaza ushindi wa roho ya mwanadamu.

Mhadhiri hakuandika maoni marefu. Alizungushia duara mahali nilipoikatia nukuu, na pembeni akaweka namba: 3,653.

Ndiyo idadi ya siku za kifungo cha Shukhov, na ndiyo inayokifunga kitabu. Miaka kumi, na siku tatu za nyongeza kwa sababu ya miaka mirefu, ile yenye siku 366. Solzhenitsyn anatupa siku moja iliyokaribia kuwa ya furaha, kisha anaizidisha mara zote hizo. Mimi niliichukua furaha nikaiacha hesabu.

Tangu hapo nimesahihisha insha nyingi za wanafunzi, na kosa hilo nimelikuta katika kila darasa. Nakuandikia wewe unayeanza safari hii ya kusoma vitabu vya vita, kifungo, njaa, utumwa na tauni, ili walau usilirudie kwa sababu ya kutoambiwa.

Tumelelewa na methali. Baada ya dhiki faraja. Mvumilivu hula mbivu. Subira yavuta heri. Sizipingi, zimewavusha watu wengi usiku mrefu. Shida ni kwamba zinatangulia kukaa kichwani mwa msomaji kabla hajafungua kitabu. Anasoma kama abiria anayechungulia dirishani kutafuta kituo chake, na akiiona faraja tu, anateremka. Kurasa zilizobaki zinaendelea bila yeye.

Dawa ya kwanza ninayokupa ni kamusi. Neno "ustahimilivu" limekuwa gunia ambamo kila kitu kinatupwa. Lakini Kiswahili kina maneno mengi hapa, na kila moja linaona jambo lake. Kuvumilia ni kubeba bila kuangusha. Kusubiri, kwa maana ya kuwa na subira, kunabeba imani kwamba kuna kinachokuja. Kustahimili kunapima nguvu za anayebeba mbele ya uzito wa mzigo. Kunusurika ni kuponea chupuchupu: hatari ilikulenga ikakukosa. Kusalimika ni kutoka ukiwa mzima. Ukiyatenganisha maneno haya utaanza kuona kwamba wahusika wengi wa fasihi ya dhiki wamenusurika lakini hawakusalimika, na kwamba waandishi bora wanasimama katikati ya maneno hayo mawili wala hawatoki.

Mtazame Primo Levi, mkemia kutoka Turin, Italia, aliyepelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, mwaka 1944 na kukombolewa Januari 1945. Mwaka 1963 alichapisha kitabu kuhusu safari yake ndefu ya kurudi kwao. Msomaji anatarajia mlango ufunguliwe, mama ampokee, hadithi iishe. Na kweli anafika nyumbani. Kisha ukurasa wa mwisho unasimulia ndoto inayomrudia: amekaa na familia au marafiki, kuna utulivu, halafu kidogo kidogo kila kitu kinameguka mpaka anajikuta tena kambini, akisikia amri ya alfajiri ya kuamka. Nyumba ndiyo iliyokuwa ndoto. Amenusurika, kusalimika bado.

Toni Morrison, katika riwaya yake ya 1987 kuhusu watu waliotoka utumwani Marekani, anampa mhusika wake Paul D kopo la tumbaku mahali ulipokuwa moyo wake, kifuniko chake kimeshika kutu hakifunguki. Kopo hilo ndilo lililomwezesha kuishi. Ndilo pia linalomzuia asiishi. Unapoandika kuhusu mhusika kama huyo, usiseme tu kwamba ana nguvu. Sema nguvu hiyo ilitoka wapi na ilimla nini.

Sasa nikupe jambo lililonisaidia kuliko nadharia zote nilizosoma: fuata vitu na mikono. Mateso makubwa hayaelezeki kwa maneno makubwa, na waandishi walioyapitia wanalijua hilo. Shukhov ana kijiko chake mwenyewe, alichokitengeneza kwa kuyeyusha waya wa alumini, na anakificha ndani ya buti. Anavua kofia kabla ya kula, hata katika baridi ile. Anashonea kipande cha mkate ndani ya godoro. Ukiulizwa utu wa Shukhov uko wapi, jibu ni kijiko, kofia na uzi. Hahutubii mtu kuhusu heshima.

Fasihi yetu wenyewe ililijua hilo zamani. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anapoomboleza kuanguka kwa Pate, mji wa kale wa Waswahili, anatuingiza ndani ya nyumba za matajiri waliokwisha kufa na kutuonyesha madaka ukutani. Humo zilipangwa sahani. Sasa wamelala makinda ya ndege, na bundi anakoroma katikati ya nyumba. Nimefundisha beti hizo mara nyingi, na darasa hunyamaza kila tunapofika kwenye madaka. Msiba wa mji mzima umeingia katika kitundu cha ukutani, na kila mmoja wetu anaweza kukiona.

Kwa hiyo unaposoma, kuwa na daftari la vitu. Andika kila kinacholiwa, kinachofichwa, kinachoshonwa, kinachobadilishwa kwa kingine. Baada ya sura tatu litakuambia zaidi ya orodha yoyote ya maudhui.

Jambo jingine, na hapa nina uchungu nalo kidogo kwa sababu naona likifundishwa vibaya: usikubali hotuba ya mhusika kuwa ndiyo kauli ya kitabu. Katika kitabu cha kwanza cha Levi, cha 1947, kuna mfungwa aitwaye Steinlauf, askari wa zamani, anayejiosha bila sabuni kwa maji machafu na kumkaripia Levi kwa kuacha kunawa. Anamwambia kwamba kambi ni mtambo wa kuwageuza watu kuwa wanyama, na kunawa ni kukataa kugeuzwa. Maneno mazito, na yananukuliwa sana. Wachache hunukuu aya inayofuata, ambapo Levi anasema wazi kwamba mafundisho hayo hayamtoshi, kwamba hawezi kuyapokea yote kama yalivyo mahali pale palipochafuka kila kitu. Anamheshimu Steinlauf na anamtilia shaka papo hapo. Ukiondoa shaka hiyo umebaki na bango la ukutani.

Niliwahi kuwa na kosa la upande wa pili pia. Nilipoanza kusoma Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, diwani ya mashairi aliyoyatunga akiwa gerezani nchini Kenya kati ya 1969 na 1972, nilikuwa nimejiandaa kukutana na mtu wa subira. Nikakutana na "Siwati". Katika Kimvita, lahaja ya Mombasa, siwati ni siachi. Mshairi anasema alichokishika hatakiachia hata akifukiwa nacho kaburini. Hiyo si subira. Subira hungoja, na huyu hangoji. Ni ukaidi, na ukaidi ni jina jingine la kunusurika ambalo insha zetu zinaliogopa. Hasira, kiburi na kukataa kusamehe ni njia ambazo watu wamezipitia wakabaki hai. Usiwasafishe wahusika wako ili wafanane na mawaidha. Na ukinukuu mashairi hayo, usiyanyooshe yawe Kiswahili sanifu. Lahaja ile ni sehemu ya kile alichokataa kukiachia.

Mashairi hayo aliyaandika kwenye karatasi za chooni. Nataja hilo kwa sababu linafungua swali ambalo wanaoanza hulisahau: andiko lenyewe lilinusurikaje? Mshairi wa Kirusi Anna Akhmatova alisimama kwa miezi 17 katika foleni za magereza ya Leningrad, mwanawe akiwa ndani. Siku moja mwanamke mwenye midomo ya bluu aliyesimama nyuma yake alimnong'oneza, kwa kuwa pale kila mtu alinong'ona: unaweza kueleza haya? Akajibu: naweza. Alipotunga beti za kueleza hayo hakuthubutu kuziacha kwenye karatasi. Aliziandika, rafiki wa kuaminika akazisoma na kuzihifadhi kichwani, kisha karatasi ikachomwa moto. Utungo huo uliishi hivyo kwa miaka, ndani ya vichwa vya watu wachache. Ulichapishwa Munich mwaka 1963, na katika Umoja wa Kisovieti ulisubiri hadi 1987.

Ukilijua hilo, unausoma utungo kwa sikio jingine. Unaelewa kwa nini urari na mdundo vina kazi: ni kamba za kufungia mzigo usidondoke njiani. Watu wa utenzi hawahitaji kufundishwa hilo, lakini tunasahau kulisema tunapoandika kuhusu "fani".

Kuna furaha pia katika vitabu hivi, na mara nyingi inamkera msomaji mwenye nia njema. Imre Kertész, mwandishi wa Hungaria aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2002, anamalizia riwaya yake ya 1975 na kijana aliyerudi Budapest kutoka kambi za Wanazi. Kila mtu anamuuliza kuhusu maovu. Yeye anakumbuka saa fulani ya jioni aliyoipenda kule, na anasema iko haja ya kuzungumzia furaha ya kambini. Mara ya kwanza nilifunga kitabu kwa hasira. Nilihisi amewasaliti waliokufa. Ilinichukua muda kuona kwamba kijana yule anakataa kuporwa maisha yake mara ya pili, safari hii na huruma zetu. Ukikutana na ukurasa wa aina hiyo usiuruke, wala usiharakishe kuuita matumaini. Kaa nao ukukere.

Utajaribiwa pia kupima dhiki moja kwa nyingine: kipi kilikuwa kibaya zaidi, kambi au utumwa, vita au njaa. Acha. Maji ya kifuu, bahari ya chungu. Kazi yako ni kushuka ndani ya kifuu hicho na kuona mawimbi kwa macho ya mdudu anayezama.

Na kuna mpaka. Mwaka 1986, katika kitabu chake kingine, Levi aliandika kwamba wao waliorudi si mashahidi wa kweli. Walioshuka mpaka chini kabisa hawakurudi, au walirudi bila sauti. Wazee wetu walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Kila simulizi ya dhiki uliyonayo mkononi imeandikwa na aliyebaki, au na aliyesikia kwa aliyebaki, au na aliyejaribu kuwaza. Tafuta mahali ambapo kitabu kinalikiri hilo. Huwa pako: sentensi inayokatika, mhusika asiye na jina, mtu anayetajwa mara moja asirudi tena. Katika tahakiki nzuri nilizowahi kusoma, nyingi zilianzia kwa mhusika wa namna hiyo.

Mwisho nikuombe kitu ambacho hakimo katika silabasi. Nilipokuwa naandika tasnifu nilisoma vitabu vya kambi kwa miezi bila kupumzika, nikidhani kupumzika ni kuwakosea heshima walioteseka. Usingizi ulikatika, kisha nikaanza kusoma kurasa za vifo nikiwa sihisi chochote, na hilo la pili ndilo lililonitisha. Soma sura moja au mbili, simama, toka nje, ongea na mtu kuhusu jambo jingine kabisa. Ikiwa kitabu kimegusa jeraha lako mwenyewe, una haki ya kukiweka chini na kukirudia mwaka ujao, au usikirudie.

Ukiwa tayari, anza na siku ya Shukhov, kwa kuwa ni fupi. Isome yote kwa mara moja ukiweza. Halafu funga kitabu, chukua karatasi, uandike kwa kumbukumbu kila kitu alichokuwa nacho mfukoni, butini na godoroni siku hiyo. Ndipo ufungue tena ukurasa wa mwisho.