Risasi zinazogoma mlangoni mwa silinda

SWALI: Fundi, niko Texas, napiga shabaha kwa rivolva ya .38 Special na risasi najaza mwenyewe. Nikipakia zote sita kwa mkupuo kwa kile kishikizo cha duara, moja au mbili hukwama. Za dukani hazinisumbui. Nibane zaidi midomo ya maganda?

JIBU: Ndugu yangu, chukua moja iliyokwama, pitisha ukucha kutoka kichwani, yaani ile ncha inayoruka ukipiga, kwenda kwenye ganda. Ukinasa kwenye ukingo, hapo ndipo silinda, lile duara lenye matundu ya risasi, nayo inaponasa. Mdomo ulitanuliwa ili kichwa kiingie, na haujarudi sawasawa.

Risasi ya rivolva hukunjwa mdomo kwa ndani, uzame kwenye mfereji unaozunguka kichwa. .38 Special hushikiliwa na ukingo wa kitako chake, kwa hiyo kuukunja mdomo hakuiharibii ukaaji wake tunduni. Za 9 mm ni habari nyingine: zile husimamia mdomo wenyewe, hivyo hunyooshwa tu.

Ila usikimbilie kubana zaidi! Ukizidisha, ganda hufura chini kidogo ya mdomo. Ligeuze kwenye mwanga, utakiona kivimbe, na hiyo haiingii kabisa. Kalisha kichwa kwenye ganda kwanza, kisha bana kwa hatua ya pili peke yake. Ukiunganisha kazi hizo, mdomo huuma wakati kichwa bado kinashuka, ukakinyoa madini yake. Na pima maganda: ya .38 Special hayatakiwi kuzidi milimita 29.3. Refu hubanwa mno, fupi haliguswi, hata kama hujabadilisha mpangilio wa kifaa cha kubania.

Tazama pia umbo la kichwa. Kilicho bapa, kilichozama sawa na mdomo wa ganda, hakina cha kukiongoza tunduni. Cha mviringo hujipenyeza chenyewe, nami kwa upakiaji wa haraka nasisitiza hicho. Lakini tafadhali, usikididimize kupita kipimo cha kitabu chako cha ujazaji ili tu ufikie mfereji. Nafasi ya baruti ikipungua, presha hupanda.

Ukimaliza, tia alama risasi moja, pima urefu wake, ipakie na nyingine tano. Piga hizo tano, kisha ipime tena. Ikiwa imerefuka, mshtuko unakivuta kichwa, na siku kikichomoza mbele ya silinda, haitazunguka. Ongeza mbano kidogo sana, urudie kipimo.