Jina moja, tahajia mbili

Mkuu, umeuliza kwa nini jina la Kiarmenia ulilolipata kwenye gazeti la Hetq la Yerevan, mji mkuu wa Armenia, halionekani ukilitafuta kwenye Asbarez, gazeti la Waarmenia wa California. Mara nyingi kisa ni tahajia tu. Yerevan wanaandika Grigoryan, Waarmenia wa ughaibuni wengi huandika Krikorian. Basi jaribu kote: G na K, B na P, D na T, kisha -yan na -ian mwishoni.

Ukitafuta kwa herufi za Kiarmenia zenyewe, mtego ni mageuzi ya tahajia ya 1922. Yalikuwa ya Armenia ya Kisovieti, na ughaibuni wengi hawakuyafuata. Gazeti la Aztag la Waarmenia wa Beirut bado linaandika kwa mtindo wa zamani. Ukiona neno dogo «կը» limesimama peke yake kabla ya kitenzi, kwa kawaida hicho ni Kiarmenia cha Magharibi, kinachotumiwa na wengi ughaibuni. Programu za tafsiri zilizozoea cha Mashariki, yaani cha Armenia yenyewe, huboronga hapo, hasa nyakati za vitenzi, kwa hiyo usinukuu kabla hujamuuliza anayekisoma.