Je, kucheza nje kunalinda macho ya mtoto?

SWALI: Shikamoo daktari. Tunaishi ghorofa ya tatu jijini Dar es Salaam. Mwanangu ana miaka 7, na akitoka shule hushinda na kishikwambi hadi usiku. Mwalimu anasema ameanza kufinya macho anaposoma ubaoni. Bibi yake anataka aende kijijini wakati wa likizo "akapumzishe macho kwenye majani mabichi". Baba yake anataka kumnunulia miwani ya kuzuia mwanga wa buluu. Nimsikilize nani? Na akitoka nje na kishikwambi chake, je, inasaidia?

JIBU: Marahaba, mama. Bibi amekaribia ukweli kuliko baba, ingawa sababu aliyoitoa siyo yenyewe. Rangi ya majani haitibu jicho; kinachofanya kazi ni mwanga.

Mtoto asiyeona mbali, mara nyingi, mboni yake haina kasoro, bali jicho lenyewe limerefuka kupita kiasi kuelekea nyuma, hivyo taswira ya ubao inaangukia mbele ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) badala ya juu yake. Jicho hurefuka katika miaka hii ya utoto, na likisharefuka halirudi. Maelezo yanayokubalika zaidi, ambayo kwa sehemu kubwa yametokana na majaribio ya wanyama, ni kwamba mwanga mkali huichochea retina kutoa dopamini, kemikali ya mwilini inayopeleka ujumbe, nayo hupunguza kasi ya urefukaji huo. Sasa linganisha: sebule yenye taa huwa na luksi (kipimo cha mwanga) mia chache tu, ilhali uwanjani penye jua hupita 10,000, na hata kivulini chini ya mwembe hubaki maelfu. Macho yetu hujirekebisha upesi mno kiasi kwamba hatuihisi tofauti hiyo, ndiyo maana wazazi wengi huamini kwamba nyumba yao ina mwanga wa kutosha.

Katika jiji la Guangzhou, China, watafiti waliziongezea baadhi ya shule za msingi kipindi cha dakika 40 cha kukaa nje kila siku ya masomo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba, baada ya miaka 3, watoto waliopata tatizo la kutoona mbali walikuwa takriban 30 katika kila 100, wakati katika shule nyingine walikaribia 40. Si muujiza, lakini ni kinga isiyouzwa dukani. Kwa hiyo likizo moja ya kijijini, pamoja na uzuri wake wote, haiwezi kuchukua nafasi ya saa moja na nusu au mbili za kila siku, hata kama ni katika kiwanja cha mtaani chenye vumbi.

Hata hivyo, kinga hiyo ina nguvu zaidi kabla tatizo halijaanza. Kwa kuwa mwanao tayari anafinya macho, mpeleke kwanza akapimwe, na uombe atiwe matone ya kupanua mboni, kwani bila hayo kipimo cha mtoto huweza kudanganya. Akiandikiwa miwani, aivae. Ile imani kwamba miwani huzidisha ubovu wa macho haina msingi. Ya mwanga wa buluu, fedha zake zitunzeni: tafiti zilizopo hazijaonyesha kwamba inapunguza uchovu wa macho wa mtumiaji wa kompyuta, wala haizuii jicho kurefuka.

Kuhusu kishikwambi nje, mwanga utamfikia, lakini atakiinamia akikiweka sentimita 20 kutoka usoni, na atahamia kona yenye giza ili akione vizuri, kwa sababu kioo hakisomeki juani. Kibaki nyumbani. Mpe mpira, atoke kuanzia saa kumi jua likipungua ukali, avae kofia, na aonywe asilitazame jua lenyewe, kwa kuwa hilo huiunguza retina.