Maswali ya Wasomaji: Stori za Majasusi wa Vita Zina Nini Hata Hazituachi Tulale?

Mwezi huu maswali mengi yalioingia ni ya vitabu vya ujasusi wa wakati wa vita, vile vya karatasi nyepesi ambavyo wageni wanavisoma kwenye hoteli za Malindi na Lamu wakiondoka wanaviacha, sa vinazunguka mkono kwa mkono mpaka jalada linatoka. Nimechagua maswali manne. Mengine nimeyajibu kwa urefu, mengine kidogo tu, manake si yote yana uzito sawa.

SWALI: Assalaam aleikum mwalimu. Mimi niko Langoni, Lamu, nafanya kazi ya boti. Nimeshasoma thrila kadhaa za vita vya pili vya dunia na kila mara najikuta adhana ya alfajiri inanikuta macho. Ami yangu ananiambia napoteza wakati, ati unasomea nini na kila mtu anajua Hitler alishindwa? Nikakosa la kumjibu. — Kijana wa boti

JIBU: Waleikum salaam mwanangu. Ami yako mpe heshima zake lakini hapo amechanganya vitu viwili. Mwisho wa vita tunaujua, mwisho wa mtu hatuujui. Kwamba majeshi ya Waingereza na Wamarekani yalishuka Normandy, Ufaransa, tarehe 6 Juni 1944, hio hata mtoto wa shule atakwambia, lakini yule karani aliekaa kwenye treni na karatasi imeshonwa ndani ya pindo la koti lake, na askari anakuja behewa kwa behewa akidai vitambulisho, huyo hujui kama atashuka stesheni ya mbele ama ndio basi. Tena ile kuijua tarehe ndio inakuzidishia mateso, kwa sababu wewe unajua zimebaki siku mbili na yeye hajui, treni ikichelewa anaehesabu saa ni wewe.

Halafu kuna jambo ambalo nadhani mtu wa Lamu analifahamu kuliko mtu wa London. Pale kwenu mgeni akishuka tu kwenye gati la boti ashaonekana, akipita Usita wa Mui, ile njia kuu ya mjini, mara ya pili watu wa barazani washaanza kuulizana kafikia nyumba ya nani, kaja na boti gani, na wakimsimamisha hawamuulizi jina, wanamuuliza we mwana wa nani. Sasa kazi yote ya jasusi ni kulijibu hilo swali moja kwa uongo usiotoboka, babake nani, kasoma wapi, mbona anatamka hivi, jirani yake wa utotoni aliitwa nani. Wengi waliangukia hapo hapo. Septemba 1940 majasusi wawili wa Ujerumani, mwanamume na mwanamke, walitokea kwenye kistesheni cha Portgordon kule Uskoti, na wakati huo vibao vya majina ya stesheni vilikuwa vimeondolewa makusudi kwa ajili ya vita, ikabidi waulize hapa ni wapi. Stesheni masta akawatazama, akaona viatu vimelowa na nguo zimelowa, akaita polisi. Kumbe usiku ule walikuwa wameshushwa na ndege ya majini wakaja pwani kwa kimashua cha mpira. Yule mwanamume alinyongwa mwaka uliofuata.

Mpango mzima wa ofisi kubwa Ujerumani, pesa, redio, mafunzo, ukaja kuvunjwa na mtu wa stesheni aliekuwa anatazama tu watu miguu. Mimi kinachonikamata kwenye hivi vitabu ni hicho, kwamba mtu mdogo asiejulikana na yeyote ndie anaeshika kitu ambacho maelfu ya roho zinakitegemea, na hana wa kumwambia, hata mamake mzazi hawezi kumwambia. Ami yako nae ana siri alizobeba miaka na miaka, kila mtu mzima anazo. Muazime kimoja akisome kisha umuulize.

SWALI: Mwalimu mimi nina duka la vitambaa Malindi, nasoma nikiwa sina wateja. Mume wangu ananicheka, anasema hivi vitabu ni uongo mtupu wa wazungu, hakuna vita inayoshindwa kwa barua ya mapenzi na tiketi ya tamthilia. Kweli ni uongo? — Dada wa dukani

JIBU: Dada yangu, mwite mume wako akae hapo karibu umsomee hii, manake barua ya mapenzi na tiketi ya tamthilia ndizo hasa zilizotumika.

Mwaka 1943 Waingereza walitaka kuivamia Sicily na Wajerumani walikuwa wanalijua hilo, ukitazama ramani tu unaona. Sa maafisa wawili, Ewen Montagu na Charles Cholmondeley, wakachukua maiti ya masikini mmoja aliekufa London, Glyndwr Michael, wakamvisha sare ya afisa wakamwita Meja William Martin. Wakamfunga mkoba wenye barua za wakubwa wa jeshi zinazoonyesha kwamba mashambulizi yatakuwa Ugiriki na Sardinia. Lakini barua za wakubwa peke yake nani ataziamini? Ndio wakamtilia mfukoni maisha mazima: picha ya mchumba, barua za huyo mchumba, risiti ya pete, vipande vya tiketi za tamthilia, na barua ya benki inamkemea kwamba ametoa pesa kuliko alizonazo. Nyambizi ya Seraph ikamuachia majini karibu na Huelva, Uhispania, tarehe 30 Aprili. Barua zikawafikia Wajerumani, wakaamini, wakapeleka nguvu Ugiriki, na tarehe 10 Julai majeshi yakashuka Sicily.

Na sasa msikie hii. Wazo la kutumia maiti lilikuwa limeshaandikwa tangu 1939 kwenye karatasi ya siri ya mkuu wa ujasusi wa jeshi la majini la Uingereza, mkuu ambae msaidizi wake alikuwa Ian Fleming, yule aliekuja kumtunga James Bond, na karatasi yenyewe inasema wazi kwamba hila hio imetolewa kwenye kitabu cha Basil Thomson. Yaani riwaya ilitangulia, vita ikafuata. Kule Cairo nako 1942 jasusi wa Ujerumani, Johannes Eppler, alipewa riwaya ya Rebecca ya Daphne du Maurier iwe ndio ufunguo wa kufichia ujumbe wake. Kwa hio anaesema vitabu ni mchezo wa kupitisha wakati amwulize Eppler.

Lakini mimi nikiulizwa mtunzi bora wa vita ile ni nani nitamtaja mtu ambae hakuwa mwandishi, Juan Pujol, Mhispania, jina lake la siri Garbo. Huyu alikaa Lisbon akawa anawaandikia Wajerumani ripoti kutoka Uingereza na Uingereza kwenyewe hajawahi kukanyaga, ana kitabu cha watalii na ramani basi. Baadae Waingereza wakamchukua, na akaendelea mpaka akawa na majasusi 27 chini yake ambao hakuna hata mmoja alieumbwa na Mungu, wote katunga yeye. Mmoja wao alipomuua, manake ilibidi amuue ili stori isimame, tanzia ikatolewa gazetini na Wajerumani wakamlipa pensheni mjane ambae nae hayuko. Mwaka 1944 huyo huyo Garbo ndie aliesaidia kuwashikilia waamini kwamba Normandy ni danganya toto na shambulio lenyewe linakuja Calais, pahali pengine pwani ya Ufaransa. Akapewa nishani na Ujerumani, akapewa na Uingereza pia, vita moja, pande mbili.

Sipendi lakini dada ubaki na hizi stori za ujanja peke yake, kwa sababu ukizisikia sana unaweza kudhani ilikuwa mchezo. Soma pia habari za Noor Inayat Khan. Binti wa mwalimu wa Kisufi kutoka India, kakulia Ufaransa, alikuwa anaandika hadithi za watoto. Baadhi ya waliomfunza walisema hafai, mpole mno. Juni 1943 Waingereza wakampeleka Paris, iliokuwa mikononi mwa Wajerumani, kuwa mtu wa redio, na muda mfupi baada ya kufika wenzake wakaanza kukamatwa mmoja baada ya mmoja, akaambiwa arudi akakataa, manake akiondoka mawasiliano yanakatika. Akawa anahama nyumba hadi nyumba na redio yake kwenye sanduku. Oktoba wakamshika, na Septemba 1944 wakamuua kwenye kambi ya wafungwa ya Dachau, Ujerumani, umri wake miaka 30. Kitabu cha ujasusi kizuri kwangu ni kile ambacho kinakufanya uogope kama vile ungeogopa kwa ajili ya Noor. Vile ambavyo shujaa anapiga watu 10 kwa risasi 10, halali usingizi, hachoki, hakosei, hivyo mume wako akiviita uongo mimi niko nae.

SWALI: Mwanangu ana miaka 13, ameanza kuviiba vitabu hivi kwenye kabati la kakake. Nimuachie? — Mama wa Mkomani, Lamu

JIBU: Muachie mama, mtoto anaeiba kitabu ana heri. Ila pitia wewe kwanza, vingine vina mateso ya jela yalioelezwa sana na mambo ya kitandani, hivyo viweke juu mpaka akue. Na kitu kimoja umwambie mwenyewe kwa mdomo wako, kwamba vingi vya miaka ya 50 na 60 viliandikwa na watu waliomuona Mwafrika na Mwarabu kama mbeba mizigo ama msaliti, asije akakubali hivo hivo tu kwa sababu stori ni tamu.

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, Malindi. Mbona haya yote ni Berlin na Paris? Sisi hatukuwa na vita? Nataka kuandika ya kwetu na sijui nianzie wapi. — Mwandishi mtarajiwa

JIBU: Marahaba mwanangu, na swali lako nimelingojea kwa hamu. Kiswahili jasusi kinaye, Willy Gamba wa Elvis Musiba, Mtanzania anaepambana na maadui wa harakati za ukombozi wa Afrika, tafuta Kufa na Kupona uanze nayo. Lakini vita vya 1939 mpaka 1945 kwenye pwani yetu hii, hapo ndio pana shamba halijalimwa.

Anzia hapo hapo ulipokaa. Oktoba 1940 ndege za Italia ziliangusha mabomu Malindi. Malindi hii, ambayo leo ukipita mjini unasikia Kiitaliano kila kona. Uliza wazee kama kuna aliesikia kwa babake siku ile ilikuwaje, watu walikimbilia wapi, waliambiana nini. Kisha nenda Mombasa. Aprili 1942 Wajapani walipoishambulia Colombo kwa ndege, wale Waingereza waliokuwa wanafungua ujumbe wa siri wa Kijapani walihamishwa na mitambo yao mpaka Kilindini, wakakaa kwenye jengo la shule ya Allidina Visram, inatazama bahari. Yaani darasa la shule, Mombasa, watu na penseli zao wanapekua herufi za Kijapani! Na walifaulu. Mjapani mmoja alituma ujumbe, akagundua kuna kitu amesahau, akautuma tena kwa ufunguo ule ule, wao wakaulinganisha wa kwanza na wa pili mpaka ule msimbo wa meli za mizigo ukafunguka. Na usidhani ilikuwa kazi ya karatasi tu isiyo na damu. Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo, nyambizi ya Kijapani ikaizamisha karibu na Maldives, wakafa zaidi ya watu 1,200, wengi wakiwa askari wa Afrika Mashariki, na wauguzi pia walikuwamo. Watoto wetu wanafundishwa tarehe za Ulaya na hii hawajawahi kuisikia, na mimi linaniuma sana.

Sa mimi ningekuwa na umri wako ningeandika hivi. Italia inaingia vitani Juni 1940. Kismayu iko chini ya Mtaliano, Lamu iko chini ya Mwingereza, na Wabajuni, watu wa visiwa vya pwani hii, wako pande zote mbili, ndugu kwa ndugu, huyu kaoa kule, yule mamake yuko huku. Serikali zimechora mstari baharini lakini jahazi linajua njia. Chukua nahodha mmoja, mtu wa makamo, afisa wa Lamu anamuita usiku anamwambia utaniletea habari za Kismayu, na shemeji yake kule nae ameshaitwa na Mtaliano. Huhitaji bunduki mpaka ufike katikati ya kitabu. Saa ya bomu pia huihitaji kwa sababu unayo pepo, kaskazi ikishaanza jahazi la kutoka Kismayu linashuka upesi lakini la kupanda kwenda huko linahangaika, kwa hio barua ya Mtaliano inafika na jibu haliwezi kurudi, na msomaji wa pwani atalijua hilo kabla ya yule afisa. Mwezi Februari 1941 Waingereza wanaichukua Kismayu, hio ndio tarehe yako, kila ukurasa uwe unaisogelea.

Utafiti wako usianze na silaha. Jua kwanza mwaka ule chai waliinywaje, taa ilikuwa ya nini, barua ilichukua siku ngapi, mtu akitoka Faza kuja Amu alibeba nini. Meja Martin aliaminika kwa risiti ya pete, na nahodha wako ataaminika kwa vitu kama hivyo. Mke wa nahodha mpe akili, usimuweke jikoni tu kupika, yeye ndie atakaekuwa wa kwanza kuona mumewe amebadilika. Andika kwa Kiswahili cha nyumbani kwenu, maneno ya baharini usiyakwepe. Sura ya kwanza ikiisha ilete hapa kwa mhariri, mimi nitaisoma yote na palipo pabaya ntakwambia.