Wageni wa hisa, hela ya kodi ya nyumba sio hela ya muda mrefu

Wadogo zangu, nilikuwa nimenyamaza ila wiki hii uvumilivu umenishinda. Kila nikishika simu nakuta mgeni mwingine katuma skrinshoti ya portifolio yake, yaani hisa zote anazomiliki, kampuni moja tu, nyekundu tupu ya hasara, na chini kaandika yeye ni mwekezaji wa muda mrefu. Ukimuuliza hiyo hela utaihitaji lini anakwambia miezi minne ijayo. Jamani! Mnajifunza haraka kuliko sisi wakati wetu, hilo nalisema wazi, na ndo maana inaniuma kuona mnatumbukia shimo lilelile ambalo waliotangulia walishatolewa. Naandika kwa namba ili msome vizuri, ingawa najijua, nitachepuka.

1. Muda mrefu unaamuliwa na hela imetoka wapi, sio una subira kiasi gani.

Hapa nitakaa sana maana ndipo wengi mnapoumia. Nina rafiki yangu, kaniruhusu nisimulie ili mradi nisimtaje. Aliingia sokoni Januari 2020 na akafanya karibu kila kitu sawa, alinunua mfuko wa indeksi unaofuata S&P 500, yaani mfuko unaokununulia kwa pamoja hisa za kampuni kubwa kama 500 za Marekani, ada ndogo, hakukimbilia kampuni iliyokuwa inaimbwa, hakukopa. Kasoro ilikuwa moja, aliweka akiba yote, pamoja na ile ya kulipia nyumba na kula. Hesabu yake ni kwamba mshahara unaingia kila mwezi kwa hiyo akiba ya pembeni ya nini.

Soko likafika kilele tarehe 19 Februari, halafu likaanza kuporomoka. Na muelewe kitu, huyu mtu hakupaniki. Yeye ndo alikuwa anatutuliza sisi wengine, anatuma chati ya 2008, anatuambia soko lilishuka zaidi ya nusu na likarudi, kaeni. Katikati ya Machi kazi yake ikasimama, mshahara ukasimama, na mwenye nyumba hakusimama. Ijumaa tarehe 20 akauza nusu, akijipa moyo kwamba Jumatatu bei itapanda kidogo auze iliyobaki kwa bei ya kueleweka. Jumatatu tarehe 23 ikashuka tena. Anasema alikaa kitandani na simu, apu inamuuliza una uhakika, anarudi nyuma, anabonyeza tena, inamuuliza tena, mpaka akauza zote. Siku hiyo indeksi ilifunga ikiwa imepoteza karibu asilimia 34 kutoka kilele cha Februari, na ndo ilikuwa chini kabisa ya anguko lile. Kesho yake Jumanne likaruka zaidi ya asilimia 9 kwa siku moja.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo watu huwa hawasimulii. Kodi ilihitaji kipande tu cha ile hela, nyingine ilibaki, na baada ya muda kazi ikarudi. Kwa nini hakurudi sokoni? Kwa sababu alikuwa anaijua kwa kichwa bei aliyouzia. Bei ikawa juu ya pale kwa asilimia 10, akasema nasubiri ishuke. Ikawa 20, akasema hili litaanguka tena tu, haiwezekani. Tarehe 18 Agosti S&P 500 ikafunga kwenye rekodi mpya na yeye bado ana keshi anasubiri bei ya Machi. Ile hasara ya siku mbili nilimwelewa, alikuwa amebanwa, mtu ale nini. Ila miezi yote ile ya kusubiri ndo ilimgharimu zaidi, na mpaka leo anasema kila alipotaka kununua alijiona kama anakubali mbele ya watu wote kwamba aliuza vibaya, kwa hiyo anafunga apu analala.

Kwa hiyo kabla hujanunua hata hisa moja, weka pembeni matumizi ya miezi 3 mpaka 6, mahali ambapo bei haipandi wala kushuka. Hela unayoihitaji ndani ya miaka 5 isiende kwenye hisa. Najua inachosha kusikia, unaona wenzako wanatengeneza faida na wewe unalundika akiba. Lundika. Maana ukishuka asilimia 34 unahitaji kupanda karibu asilimia 52 kurudi ulipokuwa, na aliyelazimika kuuza hapati hiyo nafasi ya kupanda.

2. Msichanganye soko kushuka na kampuni moja kushuka.

Hii ya kuongezea kila bei inaposhuka, kuaveraji, mnaipenda sana. Kwenye mfuko wa indeksi inaeleweka, zimo kampuni mamia, zinazokufa zinatolewa na nyingine zinaingia. Kampuni moja hailazimiki kurudi. Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, ilikuwa karibu dola 90 kwa hisa Agosti 2000, ilipofika 40 kuna watu waliona imekuwa rahisi, ilipofika 10 waliona wamepata ya bure, na Desemba 2001 ikafilisika bei ikiwa chini ya dola 1. Wafanyakazi wake wengi walikuwa na akiba ya uzeeni kwenye hisa za hiyohiyo kampuni, wakapoteza kazi na pensheni kwa mpigo. Kwa hiyo wewe unayenunua hisa za mwajiri wako peke yake kwa sababu unamjua bosi na unaona ofisi imejaa watu, tafadhali kaa chini ufikirie upya. Mshahara wako tayari unatoka pale!

3. Na indeksi nayo inaweza kuchelewa, tusidanganyane.

Wanaowaambia soko hurudi baada ya mwaka au miwili wanachagua mifano. Nikkei 225, indeksi ya kampuni kubwa za Japani, ilifika karibu 38,900 mwisho wa Desemba 1989 na haikupita hapo mpaka Februari 2024, mtu kazaliwa mpaka kawa na watoto. S&P 500 yenyewe ilivyoanguka kutoka Oktoba 2007 ilirudi kwenye rekodi Machi 2013. Sisemi muogope. Aliyetia hela yote Japani Desemba 1989 hali yake ni tofauti sana na ya aliyekuwa anatia kidogokidogo kila mwezi, maana huyo wa pili alinunua pia 2003 na 2009 indeksi ikiwa chini ya 8,000, na njiani alikuwa anapokea gawio, ile faida kampuni inayowagawia wenye hisa. Ndo maana nawasisitiza mnunue kwa ratiba, mwezi kwa mwezi, na msiweke nchi moja tu kama mnaweza kupata mfuko wa dunia nzima.

4. Ada. Someni ada!

Laki moja ikikua asilimia 8 kwa mwaka kwa miaka 30, mfuko unaokata ada ya asilimia 2 kila mwaka unakuachia kama 574,000, unaokata asilimia 0.2 unakuachia kama 952,000. Hela ileile, soko lilelile. Meneja analipwa hata mwaka ambao wewe umepata hasara.

5. Kukimbilia kununua dakika za mwisho kabla ya daftari la wanahisa kufungwa ili uvune gawio haisaidii, bei kwa kawaida hushuka kwa karibu kiasi cha hilo gawio siku ambayo mnunuzi mpya hana tena haki ya kulipata.

6. Usinunue hisa kwa mkopo wa dalali. Bei ikishuka yeye ndo anaamua uuze lini, na tumeshaona kwenye namba 1 kuuza kwa kulazimishwa kunavyokuwa, tofauti hapa anabonyeza mtu mwingine.

7. Kabla ya kununua andika mistari mitatu kwenye karatasi au simu: kwa nini nanunua, hela hii nitaihitaji mwaka gani, kitu gani kikitokea kwenye biashara yenyewe nitauza. Kwenye biashara nimesema, sio kwenye bei. Kama umenunua kwa sababu mauzo yanakua na deni ni dogo, basi deni likiongezeka mara mbili na mauzo yakidoda, hapo uza hata kama bei iko juu. Nikiwaambia hivi mnaniona nina mambo mengi, halafu soko likishuka mnanipigia usiku mnauliza niuze au nikae. Nitapokea, sikatai kabisa, ila swali langu la kwanza litakuwa uliandika nini.