Nataka kufundisha Kiingereza ng'ambo, nianzie wapi?

SWALI: Mambo mhariri, niko na digrii ya elimu, nafundisha praiveti huku Kayole. Ajenti mmoja wa tauni anataka elfu themanini anipeleke Korea Kusini kufundisha Kiingereza. Nilipe?
Mwalimu, Kayole

JIBU: Usilipe hata bob, mwalimu wangu! Korea viza ya kufundisha Kiingereza, ile E-2, inapewa raia wa nchi 7 pekee na kutoka Afrika ni Afrika Kusini tu, sasa huyo ajenti anakupeleka na viza gani? Enda ucheki kama jina lake liko kwa orodha ya NEA, mamlaka ya ajira.

Digrii tayari ni mtaji. Ongeza cheti cha TEFL, yaani cha kufundisha Kiingereza kwa wageni, cha masaa 120, ama CELTA, cheti kama hicho cha Cambridge, ukipata pesa, hiyo ni ghali lakini unafundisha wanafunzi wa ukweli masaa 6 mkufunzi akikutazama, na waajiri wanaiheshimu kuliko zile kozi za ofa za mtandaoni. Halafu jaribu Vietnam, na uombe cheti cha tabia njema kwa eCitizen mapema, alama za vidole unapigwa DCI, idara ya upelelezi, Kiambu Road.